Mwalimu Aliyetembea Mashamba Yetu

Watu wakitaka kumsifu Mwalimu huanzia Siyu, mji aliotoka, wakataja ukoo wake na masheikh waliomsomesha. Mimi sianzii huko. Sikumjua huko, na aliyoyapata huko hayanihusu. Mimi namjua tangu siku mtumbwi ulipomteremsha ukingoni kwetu, juu kidogo ya Garsen, akiwa amefumba macho, mikono yote miwili imeng'ang'ania kingo za mtumbwi, na wanawake waliokuwa wakiteka maji wakicheka waziwazi. Alikuwa akiuogopa mto. Aliuogopa miaka yote aliyoishi nasi, na sisi ni watu wa mto, kwa hiyo lilikuwa jambo la kuchekesha ambalo halikuchakaa. Akipanda mtumbwi aliketi katikati, akafumba macho na kusoma kimoyomoyo mpaka asikie chombo kimegusa tope. Hapo alifumbua macho, akanyoosha kanzu yake na kumwambia mpiga kasia, "Umeendesha vyema," kana kwamba alikuwa akimwangalia njia nzima.

Wazee wetu walikuwa wamesilimu siku si nyingi, na walimtaka mwalimu kwa pupa. Huko pwani bendera zilikuwa zikibadilika: leo tunasikia nchi ni ya Sultani wa Witu, kesho ni ya Wadachi, keshokutwa ni ya Waingereza. Sisi wakulima hatukuulizwa neno. Ila jambo moja wazee walilitambua, kwamba hao wote, wakija kwa heri au kwa shari, walikuja na mtu anayeandika. Basi wakasema, na sisi tuwe na watoto wanaoandika. Wakamjengea Mwalimu nyumba ya makuti na banda la chuo cha Kurani kando yake, na nyumba za kijiji zikapokezana kumlisha.

Alikuwa na namna yake ya kuwapata wazazi. Hakuwahubiria. Alikwenda shambani, mwavuli mweusi juu ya kichwa, viatu mkononi, akamwita mtoto na kumshika kiganja. Alikigeuzageuza, akakibonyeza kidole kwa kidole, kisha akamwambia mzazi kwa ile lafudhi yao ya visiwani, "Mkono huu si wa yembe, huu. Huyu ataketi kitini." Nilipofika umri wa kwenda chuo alikuja kwetu pia. Baba alikuwa amesimama ndani ya mpunga hadi magotini. Mwalimu alikishika kiganja changu, akakitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona hasara inayotaka kutokea. "Wamtia huyu kwenye tope? Usimdhulumu mwanao." Baba alicheka kwa haya, akajifuta mikono yake mwenyewe kwenye nguo. Mama aliyasimulia maneno yale kila alikokwenda, kisimani na matangani, mpaka majirani wakamchoka.

Niseme kweli, maana nisiposema nitaonekana ninasema kwa uchungu tu: alikuwa mwalimu hasa. Fimbo alikuwa nayo, lakini aliipiga chini, si mgongoni. Alitufundisha kuchanganya masizi na utomvu tukapata wino, kuuosha ubao bila kuumwaga wino ovyo, kulitoa neno kooni mahali pake. Na ukilitoa sawasawa, hakukusifu. Alifumba macho. Lakini si kama alivyoyafumba mtoni. Aliyafumba polepole, uso ukalainika, na wewe ulijua kwamba umefanya jambo zuri. Mimi nilisoma kwa ajili ya yale macho. Watoto wengine walitaka kumaliza wakaogelee, mimi nilitaka Mwalimu afumbe macho. Nilimpenda, sioni aibu kusema, na pengine nilimpenda kuliko nilivyompenda baba.

Na nilipougua homa, ile ya kutetemeka inayokuja mbu wakizidi, yeye ndiye aliyekesha karibu na kitanda changu. Aliniandikia kombe kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji akaninywesha, na nilipotapika hakwenda kumwita mama, alinisafisha kwa mikono yake. Mambo hayo siwezi kuyafuta. Ningeweza kuyafuta, kumchukia kungekuwa kazi nyepesi.

Lakini alikuwa na sheria mbili kwa kila jambo, moja ya watu na moja yake. Tuliliona hilo mapema tukalicheka, hatukulitilia maanani. Kuna habari ya kambare. Alituambia chuoni kwamba samaki asiye na magamba si chakula cha mtu anayesoma, kwamba anaziba akili. Watoto tukarudi nyumbani tukakataa kambare, na kwetu ukikataa kambare, kuna siku hutakula kitu. Mama zetu wakanung'unika, lakini wakatii. Basi siku moja nilitumwa kwa wakweze, maana alikuwa ameoa kwetu, nikamkuta ameketi mkekani na kichwa cha kambare mkononi, anakinyonya. Aliniona. Hakukiweka chini. "Mimi niko safarini," akasema. "Msafiri ana ruhusa yake." Na nyumba yake ilikuwa palepale, mtu akikohoa ndani unamsikia.

Nilikwenda nikawasimulia wenzangu tukacheka mpaka tukalala chini. Kwa siku nyingi, mtoto yeyote akivunja agizo alisema yuko safarini.

Waorma walipoleta ng'ombe kunywa maji, walipenda kusimama nje ya chuo wakisikiliza. Mzee mmoja wao, mrefu, aliyekuwa akibadilishana maziwa kwa mahindi na mama, alimwuliza Mwalimu siku moja, "Mwalimu, hii watoto yote nakaa chini. Kesho nachunga nini?"

"Watachunga maneno," Mwalimu akajibu.

"Maneno natoa maziwa?"

"Yatatoa. Ngoja tu."

Yule mzee alitutazama mmoja mmoja, akaondoka na ng'ombe wake. Sisi tulimcheka. Tulimwona mtu wa porini asiyejua dunia inakokwenda.

Sasa niwaeleze jambo la mashamba, maana bila hilo hamtanielewa. Mashamba yetu ni vipande vyembamba vinavyoanzia ukingoni mwa mto na kwenda nyuma mpaka kwenye kinamasi. Mto ukifurika hufunika kila kitu, na ukishuka huacha tope jipya, zuri, jeusi, lisilo na alama yoyote. Kingo huliwa, mipaka huzama, na mti uliokuwa alama yako jana uko Kau au baharini. Kwa hiyo maji yakishuka, kabla mtu hajatia jembe, wazee wa gasa, yaani baraza letu, hutembea mashamba yote. Mwenye shamba hutangulia pamoja na wanawe, peku, na wazee nyuma yao. Hutembea upande mmoja kutoka mtoni mpaka kinamasini na kurudi kwa upande wa pili, na kila mwana huchomeka kijiti kibichi kwenye tope kwa mkono wake. Mtoto anayetembea hivyo, mafuriko baada ya mafuriko, husemwa ana mguu. Asiyetembea hana mguu. Baba yake akifa, hana la kusema mbele ya gasa, na shamba huenda kwa ndugu wa baba mwenye watoto waliotembea. Mgeni huona ni ukatili. Si ukatili. Ardhi inayofutika haiwezi kukaa katika kichwa cha mtu mmoja, lazima ikae katika miguu ya wengi walioonana wakiikanyaga.

Mwalimu aliipenda siku hiyo kuliko Idi. Wazee walimwalika tangu mwaka wake wa kwanza, awaombee dua kwenye kila shamba, na tena awe shahidi, kwa kuwa hakuwa wa ukoo wowote na hakuwa na sababu ya kumpendelea mtu. Yeye aliyeuogopa mto kiasi kile alivua viatu, akakunja kanzu, akaingia kwenye tope akicheka peke yake. Aliijua mipaka yetu yote. Baadaye baba mkwe wake alipompa kipande cha kulima, akatembea na chake. Na mwanawe alipozaliwa, alimbeba mabegani kwenye matembezi hata kabla mtoto hajajua kusimama, akamteremsha penye mpaka, akazikanyagisha tope zile nyayo ndogo, akamfunga vidole kwenye kijiti. Wanawake walifurahi. Walisema, tazama baba anavyompenda mwanawe. Yule mtoto alikuja chuoni akipenda na kuondoka akipenda, na hatukuona ajabu. Tulidhani Mwalimu ni mpole kwa mwanawe, basi.

Na sisi siku hizo tulikuwa wapi? Wengine, wale waliokuwa wazito wa kusoma, baba zao waliwachukua na Mwalimu hakuwazuia. "Nendani," aliwaambia, "hamna hasara." Mimi nilibaki. Nilikuwa khalifa wake, mwanafunzi anayeshika chuo mwalimu asipokuwapo, na siku ya matembezi ndiyo siku ambayo hakuwapo. Niliketi mahali pake nikawasomesha wadogo, nikisikia sauti yake kwa mbali mashambani akiomba dua, na watu wakiitikia. Nilijiona mkubwa.

Baba alikuja mara moja. Nakumbuka alivyosimama mlangoni mwa chuo, matope mpaka magotini, hakuthubutu kukanyaga mkeka. Mwalimu alikuwa bado hajatoka, anafunga kilemba.

"Mwalimu," baba akasema, "leo tunatembea. Nimekuja kumchukua kijana."

"Kumtukua umpeke wapi?"

"Shambani. Hajatembea hata mara moja. Wenzake wote wameshatembea."

Mwalimu alitugeukia sisi wanafunzi, akatabasamu, kisha akamgeukia baba. "Wataka awe mkulima? Niambie leo nijue. Nimwate, nimsomeshe mwengine."

Watoto walicheka. Na mimi nilicheka nao. Baba alitazama miguu yake.

"Sikusema awe mkulima," akasema. "Nasema awe na mguu. Nikifa je?"

Hapo Mwalimu alimwendea, akamshika bega kwa upole, mbele ya sisi sote. "Ndugu yangu, mimi si natembea kila mwaka? Si wazee wote waniona? Basi mguu wangu ni wake. Likitokea jambo, mimi nipo. Mimi shahidi wako."

Baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alimshukuru! Akarudi shambani peke yake, akatembea shamba lake akiwa na wazee nyuma na hana mwana mbele. Hakuja tena chuoni siku za matembezi, mwaka ule wala miaka iliyofuata, kwa sababu neno alikuwa nalo, na lilikuwa neno la Mwalimu.

Nilihitimu. Kijiji kilinitembeza kwa mitumbwi, mimi nimevaa kanzu ya kuazima na kilemba cha Mwalimu mwenyewe, mama yuko mtumbwi wa mbele akipiga vigelegele, na vijiji vya chini vikatoka ukingoni kuja kututazama. Mwalimu aliketi karibu yangu, amefumba macho kwa hofu ya maji, na mimi nikajidanganya kwamba ameyafumba kwa furaha. Aliniambia nisiondoke bado. Nikae naye kidogo, anisomeshe vitabu vikubwa, kisha atanipeleka kwa watu anaowajua, nipate kiti. Nikakaa. Alikuwa na maneno mazuri kuhusu hicho kiti. Aliniambia kitakuwa barazani, penye upepo, na watu watakuja kusimama mbele yangu na shida zao.

Baba alikufa kiangazi, kwa kifua. Hakuugua muda mrefu. Matanga hayajaisha, mama akaenda shambani akamkuta baba mdogo na wanawe wanasafisha. Si mtu mbaya, baba mdogo. Alimwamkia mama vizuri, akamwambia ataendelea kumpa ndizi na mpunga wa kula, lakini shamba, shemeji, unajua mila, kijana wako hana mguu. Mama hakugombana naye. Alirudi nyumbani amenyooka kabisa, akaniambia, "Nenda kamwite Mwalimu. Siku yake imefika."

Nilikwenda. Aliniambia, "Usitie shaka." Nayakumbuka maneno hayo mawili, maana nilirudi kumwambia mama hivyohivyo, na yeye akala chakula kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Gasa lilikaa. Wazee waliketi, sisi tukasimama, mama akiwa nyuma na wanawake. Baba mdogo alisema lake kwa ufupi. Mimi nilisema langu kwa urefu na kwa ufasaha, maana nilikuwa msomi, nikatia na maneno ya Kiarabu. Nadhani wazee walifurahi kunisikia. Kisha mkubwa wao akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, wewe umetembea mashamba yetu yote, na huna ukoo hapa. Tuambie. Huyu kijana umepata kumwona akitembea la babake?"

"Hakutembea," Mwalimu akasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moya. Alikuwa chuoni."

Nilingoja aendelee. Wazee nao walingoja. Hakuendelea. Nikasema, na sauti haikuwa yangu tena, "Mwalimu, waambie ulivyomwambia baba. Waambie mguu wako ni wangu."

Alitazama tope lililokauka chini. "Naliyasema," akajibu polepole. "Naliyasema kumtuliza babako. Lakini mimi ni mgeni. Mila ya nti yenu siwezi kuibadili."

"Nani alinizuia nisitembee? Wazee, mwulizeni nani alinizuia!"

"Hilo sikuulizwa," akasema Mwalimu.

Mzee mkubwa alinihurumia, nilimwona. "Mwanangu," akasema, "mguu wa mtu mwingine hatuuhesabu. Tungeuhesabu, kila mtu angekuja na wa jirani." Wakanyanyuka. Nyuma yangu sikusikia kilio. Mama alikuwa amekwisha kuondoka, anakusanya vyungu vyake. Alihamia kwa kaka yake kijiji cha juu, akala kwa mkono wa mke wa kaka yake mpaka mwisho wa uhai wake, na hakuvuna tena kitu kilichokuwa chake. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ilinichukua muda kuelewa. Mwanzoni nilidhani baba mdogo amempa kitu, lakini hapana, hakupewa chochote. Jambo lilikuwa jepesi kuliko hivyo. Kile kipande chake Mwalimu alichopewa na mkwewe, mwanawe angekirithi kwa njia gani? Hakuwa na ukoo kwetu. Alikuwa na mguu tu, mguu uliokanyagishwa tope kabla haujajua kusimama. Siku ile wazee wangekubali kwamba mguu huazimwa, wangefungua mlango kwa kila mtu wa ukoo ambaye hakutembea, na wa kwanza kusukumwa nje angekuwa mtoto wa mgeni. Basi Mwalimu alitazama shamba la mwanawe na shamba langu, akachagua. Wala hakusema uongo. Maisha yangu yote natamani angesema uongo, ningepata pa kumshika.

Na mtaniuliza, kile kiti je? Nilikwenda kukitafuta mwenyewe. Niliteremka Kau, kisha Kipini, nikiwa na kanzu safi na kalamu zangu za matete. Barazani pa serikali palikuwa na karani mmoja kijana, mstaarabu, akaniambia niandike. Niliandika. Sijapata kuandika vizuri vile. Aliitazama ile karatasi kwa mapenzi kabisa, akamwita na mwenzake aje aone. "Mkono mzuri, wallahi," akasema. "Lakini Bwana hataki hizi sasa. Anataka herufi za Kizungu. Unazijua?" Sikuzijua. Akanirudishia karatasi kwa adabu. Nikabeba magunia ya mpunga Kau kwa wenye mitumbwi, mabega yakachubuka, na kiganja kile kisichokuwa cha jembe kikaota sugu kama cha mtu yeyote.

Mwisho kijiji kimoja cha chini kikanisikia nikisoma msikitini, wazee wakaniomba niwasomeshee watoto. Nimekaa hapo tangu siku hizo, na nimeoa hapo hapo. Watu wa rika langu, wale wazito waliokwenda kutembea, wana mpunga wao, migomba yao, na wana wa kuwarithi. Mimi nina heshima. Nikipita wananipisha. Jua likizama naletewa sahani ya mtu, leo ya nyumba hii kesho ya nyumba ile, na sijapata kula punje niliyoipanda. Kama huko ndiko kufanikiwa, basi nimefanikiwa, sitaki kubishana na mtu. Elimu ilinipa kitu kimoja tu kwa hakika, nacho ni uwezo wa kumfanyia mtoto mwingine kile nilichofanyiwa. Ilibaki mimi kuchagua kwa namna gani.

Mwalimu alikuja huko nikiwa na mvi zangu. Nilimwona kwa mbali, mtumbwi ukiteremka na maji, mzee mdogo mweupe katikati, mwavuli umefungwa miguuni. Amefumba macho. Mpiga kasia alikuwa akicheka. Mtumbwi ulipogusa tope akafumbua, akanyoosha kanzu, akamwambia, "Umeendesha vyema."

Nilimpokea. Nilikuwa nimeapa kwamba nikimwona nitampa mgongo, lakini mkono niliozoea kuubusu niliubusu. Mke wangu akatandika mkeka, akaleta maji ya kunawa na maziwa. Mwalimu aliomba watoto waendelee kusoma, asiwakatize. Akasikiliza. Msichana mmoja alitoa neno gumu kutoka kooni, sawasawa kabisa, na Mwalimu akafumba macho polepole, uso ukalainika. Nilimwonea wivu mtoto wa watu, na utu uzima wangu.

"Wasomesha vyema," akaniambia. Nilikuwa sijapata kusifiwa naye hata siku moja. "Nimekuya kwa shida. Mjukuu wangu, mwana wa mwanangu. Nataka aye kwako. Ana kichwa, mashaallah. Mimi sina nguvu tena, na walimu wengine siwaamini."

"Mlete, Mwalimu," nikasema, na nilifurahi, Mungu anajua. Nilidhani amekuja kulipa kwa njia yake.

"Ila jambo moya." Aliiweka chini bakuli ya maziwa. "Mayi yakishuka, mwate ende. Asikose matembezi hata mwaka mmoya. Mtu atakuya kumtukua."

Watoto walikuwa wakisoma. Nilitazama kiganja changu juu ya goti.

"Mbona mimi hukuniacha?"

Hakushtuka. Nadhani alilijua swali hilo kabla sijapata ulimi wa kuliuliza. "Wewe ulikuwa na akili," akasema. "Mwenye akili ukimtoa siku moya, chuo chote huanguka. Nalikuhitaji."

"Na mjukuu wako si umesema ana kichwa?"

"Anacho. Anacho sana."

"Basi?"

"Yule ni wangu," akasema Mwalimu. "Wewe ulikuwa mwana wa watu."

Aliyasema kwa upole, kama alivyokuwa akinifafanulia aya. Na mimi niliyekuwa nimengoja miaka yote hiyo aniambie kwamba alikosea, nikaona kwamba hakukosea. Alijua. Siku alipokishika kiganja changu mbele ya baba alijua, na siku alipomshika baba bega alijua, na mikono miwili ya baba ilimshukuru hivyohivyo.

Sikumfukuza. Nilimwambia amlete mtoto. Nikamwambia pia kwamba hahitaji kumtuma mtu, kwa sababu kwangu maji yakishuka chuo hufungwa, na watoto wote huenda makwao kutembea, tangu mwaka niliofika.

"Wote?" akauliza.

"Wote, Mwalimu."

"Hata mwenye akili? Hata khalifa wako?"

"Huyo namtoa wa kwanza. Nampeleka mwenyewe kwa babake, mkono kwa mkono."

Alinitazama, nami nikangoja, maana mwanafunzi haachi kungoja. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi. Nilimtafutia, nikamchukulia mwavuli, nikamshika mkono mpaka majini. Akaketi katikati ya mtumbwi, akayafumba macho kabla mpiga kasia hajausukuma.